Kurudi shule ya kata au kusoma TEWW baada ya kujifungua

Tangu Novemba 2021, msichana wa Tanzania aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shule ya serikali. Njia ya pili ni vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima (TEWW).

Shule ya kata haina ada, ina ratiba ya kila siku, na anayetaka sayansi ni heri awe karibu na maabara. Tatizo ni mtoto mchanga. Binti anayenyonyesha, anayetembea kwa miguu asubuhi na jioni, hamalizi muhula kama bibi hayupo nyumbani kulea mjukuu. Halafu kuna minong'ono darasani, nayo inaumiza kuliko umbali. Kuhamia shule nyingine kunaruhusiwa, lakini nauli atatoa nani?

TEWW hubana miaka minne ya sekondari kuwa miwili, na binti husoma na wenzake waliopitia hayo hayo. Mtihani wa kidato cha nne ataufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mwenye mama wa kumsaidia ningempeleka shule ya kata bila kusita. Aliyeozwa mapema, akaachwa na watoto wawili, aende TEWW, na wazazi wake wamlelee watoto.