Egerton Castle pale Njoro: uzoefu wangu, na maswali ya kwenda nayo

Ukiuliza mtu yeyote wa Nakuru kuhusu Egerton Castle atakwambia ni ile nyumba ya mzungu aliyekataliwa na mchumba. Hadithi imeenea sana, hata watoto wa shule wanaijua, na kila wikendi watu wanapanda matatu kuenda kupiga picha mahali ambapo ati moyo wa mwenye nyumba, Lord Egerton, ulivunjika. Mimi nimeenda na mamangu pamoja na mtoto wa dadangu, tumezunguka ndani na nje mpaka miguu ikauma, na naona hiyo hadithi ya mapenzi inatunyima mambo mengi. Nyumba yenyewe ni kubwa kuliko hadithi. Nendeni, tena msikose, lakini mkifika angalieni mawe na mbao na mabomba, alafu muulize nani alijenga na hiyo ardhi ilikuwa ya nani.

Kufika si kazi. Kutoka Nakuru mjini ni kama kilomita 14 hivi, unachukua matatu za kuenda Njoro, mwambie makanga akushushe njia panda ya Castle upande wa Ngata, hapo bodaboda ziko. Wenye magari ni lami alafu kipande kidogo cha vumbi. Anayetoka Nairobi anaweza kuenda na kurudi siku hiyo hiyo akiamka alfajiri. Beba sweta hata kama Nakuru jua limewaka, Njoro iko juu na ndani ya zile kuta za mawe kuna baridi ya kweli, mama alivaa leso mbili na bado alikuwa anajikunyata. Tiketi ni getini, bei ya mkenya na ya mgeni si sawa, na kama una mpango wa kupiga picha za harusi ulizia mapema kwa sababu hizo zina malipo yake. Chuo Kikuu cha Egerton ndicho kinachoitunza.

Sasa nyumba. Ukitokea kwenye miti unaiona mara moja, mawe ya rangi ya kijivu, madirisha marefu, machimni juu, na unashangaa hiki kitu kinafanya nini katikati ya mashamba ya mahindi. Vyumba ni 52. Hamsini na mbili, na mwenyewe alikuwa mtu mmoja, hana mke, hana mtoto. Alianza kujenga 1938, vita vya pili vya dunia vikasimamisha kazi, ikaisha 1954, na yeye akafariki 1958, kwa hivyo ameishi ndani kama miaka minne tu.

Huyu Maurice Egerton alizaliwa 1874 na alikuwa Baron wa nne wa Egerton wa Tatton, cheo cha kurithi cha kule Uingereza. Kwao kule Uingereza ni Tatton Park, Cheshire, nyumba kubwa zaidi ya hii, yenye shamba la paa na bustani za kila aina. Alikuwa mtu wa mashine sana, alijuana na wale ndugu wawili wa Marekani, Wright, waliotengeneza ndege, na mwaka wa 1910 alipata cheti cha urubani namba 11 Uingereza, fikiria nchi nzima wewe ni wa kumi na moja. Alipenda pia kamera na uwindaji, na wanyama wengi aliowaua huku Afrika vichwa vyao viko kwenye ukuta wa Tatton mpaka leo. Alipofariki cheo chake kilikufa naye kwa sababu hakukuwa na mrithi, na Tatton akaiachia shirika linalohifadhi majumba ya kale kule. Nayasema haya yote kwa sababu ukishajua alikotoka, nyumba ya Njoro inasomeka vizuri. Alikuwa anajijengea kwao tena, huku kwetu.

Ndani tulitembezwa na kijana mmoja mpole sana ambaye hakutuharakisha hata kidogo, alikuwa anamngoja mama kwenye kila ngazi, anamuuliza "mama uko sawa, tupumzike?" Ukumbi mkubwa ndio utakaokusimamisha. Dari liko juu sana, mbao ukutani, na kuna kinanda kikubwa cha mabomba, kile cha kanisani, ndani ya nyumba ya mtu! Mtoto alitaka kukibonyeza, akaambiwa hapana, akakubali shingo upande. Vyumba vingi havina fanicha siku hizi, na kuna watu najua watasikitika wakikuta vyumba vitupu, lakini mimi nilipenda, kwa sababu chumba kikiwa kitupu macho yanaenda kwa kazi ya fundi. Angalia vile mbao zimeungana kwenye kona bila hata nafasi ya kuingiza kucha. Angalia ngazi, hakuna hata moja inayolia ukiikanyaga baada ya miaka yote hii. Angalia mabafu na mabomba yake, na swichi za zamani, na mahali pa moto karibu kila chumba. Kuna chumba cha giza pia alichokuwa anasafishia picha. Kwenye kila chumba nilikuwa narudia swali moja, hii ilishikwa na mkono wa nani? Kijana akatuambia mafundi wengi wanaosimuliwa walikuwa Wahindi, na vibarua walikuwa Waafrika wa hapa hapa, na vitu vingi vililetwa kwa meli kutoka Ulaya. Mama akauliza majina yao. Akajibu kwa heshima tu kwamba majina yanayojulikana ni ya mwenye nyumba. Mama akanyamaza, alafu akasema, "Basi tuwaombee hao wengine." Tukaendelea.

Haya, hiyo hadithi yenyewe. Inasimuliwa kwamba Lord alimjengea mwanamke aliyempenda nyumba ndogo, mwanamke akaidharau, ndipo Lord akaanza hii kubwa, na bado akakataliwa. Ukiuliza watu tofauti utapata maneno tofauti, wengine wanasema mwanamke aliiita banda la kuku, wengine wanasema aliiita makumbusho. Inasimuliwa pia kwamba baada ya hapo hakutaka kuona mwanamke kwenye uwanja wake, wafanyakazi wake waache wake zao mbali, na vibao vya onyo vikawekwa kwenye miti. Siwezi kuwaambia kipi kilitokea na kipi kimeongezwa chumvi. Ila mamangu aliingia kwa mlango wa mbele, kichwa juu, akakaa dirishani kwa ule ukumbi na akanywa chai yake ya thamosi (baada ya kuomba ruhusa), na mimi nilifurahi sana kumwona pale.

Kitu ambacho kingenifanya nirudi hata kesho ni hiki. Kaa nje kwenye nyasi uangalie ile ardhi inavyoteremka, alafu jikumbushe miaka. Hii sehemu ya Bonde la Ufa ilikuwa malisho ya Wamaasai, na mwaka wa 1904 ukatiwa sahihi mkataba uliowahamisha, wengine Laikipia na wengine kusini. Mwaka mmoja kabla, mlowezi wa kizungu, Lord Delamere, alishapewa ekari kama laki moja huku Njoro kwa miaka 99. Walowezi wengine wakafuata, na mashamba yakalimwa na maskwota, watu wanaoishi kwa ardhi ya bwana mkubwa na kumfanyia kazi ndio waruhusiwe kulima kipande chao. Babake mama alikuwa skwota upande wa Molo kwenye pareto, na kipande chake, kile kitambulisho cha kazi cha wakati wa mkoloni, alikivaa shingoni kwenye kile kikopo cha chuma, mama bado anakumbuka sauti yake kikigonga vifungo vya shati. Alafu hali ya hatari ikatangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau. Mwaka wa 1954, ndio ule ule nyumba hii inakamilika, Waingereza walifanya ile operesheni kubwa Nairobi wakakamata maelfu ya watu na kuwapeleka kambini. Yaani wakati fundi anapaka rangi ya mwisho chumba cha 52, kuna familia zimelala kwa waya. Sisemi huyu mzee ndiye aliyewafunga. Nasema miaka ni ile ile, na ukiwa pale na mtoto mwambie yote mawili, vile nyumba ni nzuri na vile wakati ulikuwa mbaya. Mtoto wa dada ana miaka tisa na alielewa bila shida, tena aliuliza maswali makali kuliko mimi.

Na kuna upande mwingine ambao lazima niuseme. Mwaka wa 1939 huyu huyu alianzisha shule ya kilimo Njoro, Egerton Farm School, na mwanzo ilikuwa ya vijana wa kizungu wajifunze kulima. Baadaye ikawa chuo, na 1987 ikawa chuo kikuu kamili, na leo watoto wa waliokuwa maskwota ndio wanafundisha na kusoma pale. Dadangu amesoma pale. Nyumba sasa iko mikononi mwa hao hao. Mimi hilo linanigusa kuliko mchumba aliyekataa.

Nje ni pazuri kwa familia. Nyasi pana, miti mikubwa ya zamani, ndege wengi, watu wanakuja na vyakula vyao na shuka wanakaa kivulini, na Jumamosi kuna misafara ya maharusi, gauni refu na wapiga picha wanakimbizana na mwanga. Ukitaka utulivu enda katikati ya wiki asubuhi. Vaa raba, gauni la mitindo liache kwa wenye harusi. Wazee wenye magoti mabovu watafurahia ukumbi wa chini na bustani, ghorofani ngazi ni nyingi na hakuna lifti kwa hivyo msiwalazimishe, mama aliishia nusu akatungoja kwenye kiti. Maji ya kunywa na chakula beba kutoka mjini.

Muda wa kutosha ni nusu siku. Tengeneza saa moja na nusu ya ndani na mtembezaji, usizunguke peke yako kwa sababu bila yeye utaona kuta tu, na umpe kitu kidogo kama amekuhudumia vizuri. Muulize kuhusu mafundi. Muulize jikoni walifanya kazi watu wangapi, na walilala wapi. Wageni wengi wanauliza ya mchumba peke yake, na yule kijana alituambia anafurahi akipata mtu wa kuuliza mengine, alituonyesha vitu vya nyuma ya nyumba ambavyo kundi lililotutangulia lilipita tu. Na kama una mzazi au babu aliyekulia mashamba ya walowezi, iwe Njoro, Molo, Naivasha au Kitale, enda naye na ukae kimya umsikilize, utapata maelezo ambayo hayako kwenye kibao chochote cha pale.