Plasta yetu ilidondoka usiku: uzoefu wangu na kampuni ya mafundi, Kigamboni

Kipande cha kwanza kilidondoka mwezi wa Mei, saa nane usiku, masika yakielekea ukingoni. Mama alidhani ni mwizi. Tulipowasha taa ya nje tukakuta bamba la plasta, ukubwa wa sinia la pilau, limelala kibarazani, na pale lilipotoka tofali zinang'aa safi kabisa, kama zilivyoshuka kwenye gari.

Nyumba iko Kibada, vyumba vitatu na sebule, na plasta ile ilikuwa haijamaliza hata miaka mitatu. Aliyeipiga ni fundi wa mtaani, shemeji yake jirani, tuliyempa kazi kwa ule utaratibu wetu wa siku zote: bei ya kindugu, "dada usijali", na chai ya saa nne. Simlaumu peke yake. Maji ya kuchanganyia tulimpa sisi, tena ya kisima, na kisima chetu kina chumvi kiasi kwamba chai yake hata uitie sukari vipi haieleweki.

Safari hii nikasema nitafute kampuni, watu wenye risiti. Wa kwanza alitaka nimtumie picha tu kwenye simu anipe bei. Wa pili alikuja, akaizunguka nyumba mara moja mikono ikiwa mfukoni, akasema shilingi 4,000 kwa mita ya mraba, kazi tu, vifaa vyangu. Wa tatu walikuja wawili, kijana mwenye futi na mzee mwenye mwiko, nao bei yao ilikuwa 8,000 pamoja na kubandua ya zamani. Kuta za nje zilipimwa zikatoka mita za mraba 140. Piga hesabu mwenyewe: milioni moja na laki moja na ushee, kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa simenti. Nilitaka kuwaaga palepale.

Kilichonizuia ni yule mzee. Hakuongea mengi. Aliushika mwiko kichwa chini, akawa anagonga ukuta kwa mpini wake, taratibu, hatua kwa hatua, sikio limeelekea ukutani. Sehemu nyingine ulilia ko, ko, ko. Akafika chini ya dirisha la chumba cha mama, ukalia bu, mlio wa plasta iliyoachana na tofali. Akachora duara kwa chaki. Bu tena, duara jingine. Alipomaliza upande wa magharibi, ukuta ulikuwa umejaa maduara kama nguo ya chui. Kisha akachuchumaa kwenye msingi, pale penye unga mweupe uliokuwa unatoka kila siku hata upanguse vipi (sisi tulikuwa tunauita fangasi), akaugusa kwa kidole, akaweka kwenye ulimi, akatema, akanigeukia.

"Mama Nasra, hii chumvi. Hapa hata nikikupigia plasta ya dhahabu, itatoka."

Nikamuuliza sasa tunalipia nini. Akanionyesha chini. Zamani msingi wetu ulikuwa umeinuka vizuri kutoka ardhini, lakini tulishamwaga kifusi uani mara mbili kukimbia madimbwi, kikapanda hadi kuizidi ile nailoni ya kuzuia unyevu inayolazwa juu ya msingi. Kwa hiyo maji yanaruka kizuizi, yanapanda na tofali, yanabeba chumvi, na jua likiyakausha chumvi inabaki ukutani inaisukuma plasta kutoka ndani. Dawa yake ilikuwa kuchimba kifusi kuizunguka nyumba nzima, kishuke shubiri nzima chini ya nailoni, kisha kuweka mteremko wa kuyatoa maji. Kazi hiyo akasema nitafute vijana wa koleo wa mtaani, wao hawaihitaji. Mtu anayekukatalia hela yako kwa jambo dogo, kwa jambo kubwa unaanza kumsikiliza. Tukakubaliana.

Sasa nieleze walivyofanya kazi, maana hapa ndipo ile tofauti ya 4,000 na 8,000 ilipokuwa.

Siku tatu za kwanza hawakupiga plasta hata kiganja kimoja. Walibandua, wakasugua tofali kwa brashi ya waya, wakafagia vumbi. Mchanga ulipofika mzee akachukua chupa ya maji ya kunywa, akatia mchanga hadi nusu, akajaza maji, akatikisa, akaiacha dirishani mpaka kesho. Asubuhi juu ya mchanga pamekaa tabaka la tope nene kama kidole gumba. Mchanga ukarudi ulikotoka, na dereva wa lori alinitukana kwa heshima zote. Mchanga wa pili ulikuwa na utando mwembamba tu. Maji ya kisima nayo wakayakataa, nikanunua boza la maji, likajaza simtanki la lita 2,000, na nikanunua tena.

Simenti nilitaka kuwapendeza, nikanunua ile ya 42.5, yenye nguvu. Mzee akasema irudi, nilete ya 32.5. Plasta ikiwa ngumu kuliko tofali, akasema, hupasuka na kulivua tofali ngozi. Na tofali zetu za Dar tunazijua, nyingine ukizidondosha zinarudi kuwa mchanga.

Kipimo chao cha nje kilikuwa mfuko mmoja wa kilo 50 kwa ndoo saba za lita 20, sawa na moja kwa nne. Nilikumbuka yule fundi wetu wa zamani alivyokuwa anamwaga toroli nne za kujaa kwa mfuko mmoja nami nikifurahi kwamba simenti inabaki.

Jioni walilowesha ukuta, asubuhi wakalowesha tena kidogo. Tofali kavu, na jua la kwetu, hunyonya maji ya plasta kabla simenti haijashika, na ndiyo maana lile bamba letu lilitoka zima bila kuacha hata chembe kwenye tofali. Kisha wakarusha chapu, simenti na mchanga wa chenga nzito, majimaji, ukuta mzima ukawa na vipele. Ikakaa siku moja. Pale nguzo ya zege inapokutana na tofali, na kwenye mifereji ya mabomba ya umeme, wakapigilia wavu wa kuku, kwa sababu ndipo nyufa huanzia.

Baada ya hapo ndiyo raha ya macho. Wanabandika vidonge vya udongo, yaani simenti na mchanga uliochanganywa, kwa timazi na kamba, wanajaza katikati yake, na rula ya aluminiamu inashuka na kupanda kama mtu anayekatakata chapati. Unene milimita 15, wala hawakutaka kuzidisha kwa tabaka moja. Palipokuwa na shimo walijaza kwanza wakaliacha likauke. Mama alihamisha kiti chake kabisa, akawa anatazama toka asubuhi kama anatazama tamthilia, na kuwakosoa pia.

Nisiwasifie tu, maana walinichosha vilevile. Siku mbili hawakutokea, simu inaita tu, siku ya tatu wanakuja na habari ya msiba. Saidia fundi mmoja alichanganya karai nyingi kabla ya chakula cha mchana, wakarudi udongo umeshaanza kukaza, akautia maji kuulainisha. Mzee alipouona aliumwaga wote shimoni. Vizuri, ila mfuko ulikuwa wangu! Tulibishana hadi wakakubali kuulipa. Fremu za madirisha ya aluminiamu hazikufunikwa, na udongo wa simenti ukikaukia pale unaacha doa lisilotoka, ninayo mawili ya kunikumbusha. Na soketi mbili za nje na swichi ya taa ya kibaraza vilizikwa. Kijana alikuja kuvitafuta kwa kugonga ukuta mpya, akatoboa pasipo na kitu mara tatu. Bado ukisogea karibu unaviona viraka.

Sehemu ya mbele mama alitaka rafu, ile ya vipele inayorushwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mzee alimwambia kwa adabu kwamba rafu huficha mawimbi ya ukuta lakini hushika vumbi, na upande usiopigwa jua huota ukungu wa kijani. Mama akasema yeye ndiye atakayeutazama. Ikapigwa rafu. Imependeza, kusema kweli.

Jambo moja ningewaomba watu wa kampuni hizi walieleze mapema: kumwagilia. Plasta haikauki kama nguo, inakomaa kwa maji. Siku saba kuta zilimwagiliwa asubuhi na jioni, na upande wa magharibi walitundika magunia yaliyolowa ili jua la alasiri lisiukaange. Kijana mmoja aliachwa kwa kazi hiyo tu. Lakini maji ni juu yangu, na kwenye ile karatasi yao ya bei neno maji halikuwemo. Maboza manne jumla. Simenti ilikwenda mifuko 21.

Umaliziaji wa nje, ule wa kulainisha ukuta kabla ya rangi, walitumia puti yenye simenti. Fundi wetu wa zamani alikuwa amesawazisha kwa unga wa jipsamu hadi ukuta wa nje wa bafu, na jipsamu ikilowa inakuwa kama uji. Rangi walinikataza hadi wiki nne zipite. Nilipaka wiki ya tano, majirani wakiwa wameshaanza kuuliza kama hela zimeisha.

Malipo nililipa kwa hatua na nikabakiza laki moja hadi masika yapite. Mwenye kampuni alinuna, lakini akasaini. Masika yamepita. Nimezunguka nyumba nzima na mpini wa mwiko niliouazima, nikigonga kama nilivyomwona mzee, na kila mahali ni ko, ko. Chini kwenye msingi unga mweupe umetoka sehemu moja tu, nyuma ya choo, ambako kifusi hakikuchimbwa kwa sababu ya shimo la maji taka. Ufa mwembamba kama unywele ulitokea kwenye kona ya dirisha la sebule. Niliwapigia, wakaja baada ya siku tisa, wakauchimba, wakauziba, nikawapa laki yao.

Kuta za ndani nitawaita tena Januari. Soketi zote nitazipiga picha kwanza, kila moja na futi pembeni yake.