Kadi za Kitonga kwa anayeanzia nyumbani: zinafaa, ila zirekebishe kwanza

Kitonga ninachokizungumzia hapa ni cha visiwa vya Tonga, kule Pasifiki, mji mkuu Nukuʻalofa. Si Kitonga cha Zambia na Zimbabwe, wala ule mlima wa njia ya Iringa. Nalitanguliza hili kwa sababu ukitafuta masomo mtandaoni lugha hizi huchanganywa ovyo. Angalia kifupisho cha lugha: ton ni cha visiwani, toi ni cha Zambia. Ukikaribishwa na "mwabuka buti", ujue umepotea njia; salamu unayoitaka ni mālō e lelei.

Seti niliyoitumia ni boksi la kadi za picha pamoja na stika za kubandika nyumbani. Kadi ina picha mbele, neno nyuma, na msimbo wa QR wa kusikiliza matamshi. Imelengwa watoto wa Kitonga wanaokulia ughaibuni, kwa hiyo maneno yake ni ya jikoni, mwilini, chakula, familia na namba. Kwa mtu mzima anayeanza, au mwenye wakwe Watonga kule Auckland au Salt Lake City, uchaguzi huo si mbaya hata kidogo.

Msemaji wa Kiswahili anaanza akiwa na mtaji. Vokali ni zetu zilezile tano, kila silabi huishia na vokali, na mkazo kwa kawaida hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Ng yao ni ya ng'ombe, si ya ngoma, hata katikati ya neno: hingoa (jina), mohenga (kitanda).

Kasoro kubwa ya kadi hizi ni alama. Kitonga kina konsonanti inayoandikwa ʻ, yaani fakauʻa, na kistari juu ya vokali ndefu, toloi. Mchapishaji ameziweka kwenye kadi chache na kuziacha kwenye nyingine, na huwezi kubahatisha. Tui ni kuamini, tuʻi ni mfalme. Kaka ni kupanda mti, kākā ni kudanganya. Hau ni bingwa, haʻu ni njoo. Fakauʻa si pambo: ni ule mkato wa koo tunaousikia katikati ya "a-a!" ya kukataa. Ukilikariri neno bila mkato huo, kuja kuurudisha baadaye ni kazi mara mbili.

Kwa hiyo kabla ya kukariri chochote, chukua kamusi na maka peni nyembamba ya wino usiofutika, upitie kadi mada kwa mada: fakauʻa kwa nyekundu, kistari kwa nyeusi. Maliza jikoni ndipo uende kwenye familia. Ukiziingiza pia kwenye Anki, programu ya kukariri kwa kadi, washa kibodi ya Kihawaii kwenye simu au kompyuta. Ina ʻ na vokali zenye kistari. Ukichapa ' ya kawaida, programu inaweza kukuambia umekosea ilhali umepatia.

Sauti za QR ni safi, lakini kila neno limesomwa likiwa peke yake, na hapo ndipo sikio linapodanganyika. Kitu mahususi kinapotajwa kwenye sentensi, mkazo huhamia vokali ya mwisho: fale (nyumba) husikika FA-le kwenye kadi, lakini ʻi he falé, ndani ya nyumba ile, husikika fa-LE. Dawa ni kutokariri neno tupu. Uliza Ko e hā ʻeni? (hiki ni nini?), jibu Ko e ika, Ko e mā, Ko e vai: samaki, mkate, maji.

Stika zinashika vizuri mbaoni na kwenye plastiki. Kwenye kulo, yaani sufuria, joto linaibandua, kwa hiyo ibandike kwenye rafu yake. Anza na kama kumi hivi: matapā (mlango), ipu (kikombe), hele (kisu), sea (kiti) na vingine unavyovishika kila siku. Neno likikutoka mdomoni kabla jicho halijaifikia stika, iondoe. Stika iliyozoeleka haisomwi tena, inageuka rangi ya ukuta.

Kadi za familia ndizo dhaifu kuliko zote. Tokoua limeandikwa chini ya picha ya kaka na ya dada, kana kwamba linatosha. Tokoua ni ndugu wa jinsia yako tu. Kaka wa mwanamke ni tuongaʻane, dada wa mwanamume ni tuofefine. Shangazi, mehekitanga, hayumo kabisa, na yeye ndiye mwenye heshima ya pekee katika familia ya Kitonga. Mwongeze kwa mkono. Hapohapo andika pembeni namna ya kumiliki, kwa kuwa "-angu" ziko mbili: hoku tokoua na hoku nima (mkono wangu), lakini ʻeku tamai (baba yangu) na ʻeku tohi (kitabu changu).

Kuaga pia kumefupishwa mno. Anayeondoka huambiwa ʻalu ā, anayebaki nofo ā. Seti imeweka la kwanza tu. Namba zinaishia hongofulu, yaani 10. Kula ni kai, basi. Neno la kula la machifu, ʻilo, na la mfalme, taumafa, hutayakuta, na kwa matumizi ya nyumbani sikuona pengo.

Kwa bei yake ningeipendekeza kwa mwenye watoto. Anayesoma peke yake anaweza kukata manila, kubandika picha na kuandika mwenyewe kwa alama sahihi, kisha sauti akaitafuta kwenye vipindi na masomo ya bure yanayotolewa New Zealand wakati wa Wiki ya Lugha ya Kitonga, ambayo huadhimishwa kila mwaka.