Rangi ya silikati kwenye zege lenye rangi mbili: uzoefu wangu, Nyegezi, Mwanza

Nyota 4 kati ya 5.

Kibaraza ni cha mita za mraba 18, kilimwagwa kwa siku mbili, na nusu ya pili ikatoka na rangi ya majivu, nyeupe kuliko ya kwanza. Kosa ni la fundi: alizidisha maji ili zege lisambae kirahisi. Zege lenye maji mengi hukauka jeupe. Lenye maji kidogo, tena likisuguliwa sana kwa mwiko wa chuma, hukolea. Saruji na mchanga vilikuwa vilevile, kwa hiyo mwenye duka hana hatia.

Kusawazisha nikatumia rangi ya silikati, yaani rangi ya madini. Haiweki ngozi. Inapenya na kushikana na zege lenyewe, mvuke wa ardhini unatoka, hakuna cha kubanduka. Rangi ya mafuta hapo ingevimba malengelenge. Ila ikizimuliwa inakoleza tu, haing'arishi: paka upande mweupe uufuate mweusi.

Subiri siku 28. Dondosha maji; yasipozama, kuna mafuta au dawa juu, sugua kwa msasa namba 80. Chumvi nyeupe inayojitokeza juu ya zege iondoe kwa brashi kavu. Asidi ya betri achana nayo kabisa, inaacha unga wa jasi na weupe unarudi palepale.

Nilizimua sehemu 1 ya rangi kwa 2 za kimiminika chake maalumu cha kuzimulia. Usitumie maji matupu, rangi itaachia vumbi ukipitisha kiganja. Jaribu kwanza pembeni, nusu mita hivi, uamue kesho yake, kwani ikiwa mbichi inadanganya. Kisha paka mikono (tabaka) miwili myembamba, saa 12 kati yake, ukikoroga kila mara maana rangi hutuama. Anza alfajiri, maliza kabla ya saa tatu: jua likishika, brashi inaacha michirizi pale mipako inapokutana.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ikidondokea kioo, alumini au mawe ya ukuta (na Mwanza nani hana jiwe ukutani?) ikakauka, haitoki. Funika kwa nailoni.

Halafu mvua ikinyesha tofauti inajitokeza tena kwa saa kadhaa, kwani upande uliozidishiwa maji una vinyweleo vingi na huchelewa kukauka. Dawa ya siloksani ya kuzuia maji, ipakwe rangi ikishakomaa, inapunguza hilo bila kubadilisha rangi.