Makumbusho ya Henry Ford, Dearborn: ushauri wa mtu aliyewahi kuuza magari

Kabla sijahamia Michigan nilikuwa nauza magari Dar es Salaam, kwenye yadi moja kando ya Barabara ya Nyerere. Toyota na Nissan zilizotumika Japani, zimepigwa polishi, karatasi ya bei kwenye kioo. Kazi ile iliniachia tabia moja: nikiona gari la zamani siulizi kwanza lina injini gani. Nauliza liliuzwaje, na mteja aliambiwa nini mpaka akatoa hela yake. Huku kwetu Michigan kuna makumbusho kadhaa ya magari, na yanayojibu swali hilo vizuri kuliko mengine niliyoyaona ni Henry Ford Museum ya Dearborn, jirani kabisa na Detroit. Ndugu wanaokuja kututembelea huniuliza kama panastahili hela ya tiketi. Jibu langu ni ndiyo, tena mtenge siku nzima.

Ukifika, mbele utaona jengo lililoiga ukumbi wa Philadelphia ambako Azimio la Uhuru wa Marekani lilipitishwa. Nyuma yake kuna ukumbi mmoja mkubwa mno, kama ekari 12 chini ya paa moja. Humo kuna ndege, mitambo ya mvuke, kichwa cha treni kirefu kuliko nyumba nyingi, hata kiti alichokalia Rais Lincoln usiku alipopigwa risasi. Vyote vinafaa kutazamwa, ila mimi huelekea moja kwa moja kwenye maonyesho ya magari, yanayoitwa Driving America.

Safari hii nilikwenda na mjomba wangu, fundi wa gereji pale Msamvu, Morogoro. Alianza na kigari cha 1896, kile ambacho Henry Ford alikiunda kwenye banda nyuma ya nyumba yake: magurudumu manne ya baiskeli, usukani wa fimbo, hakina rivasi. Kilipokamilika hakikupita mlangoni, ikabidi Ford avunje ukuta kwa shoka. Mjomba alicheka kwa furaha ya mtu anayemtambua mwenzake.

Kwenye Model T ndipo alipogoma kuondoka. Gari limefumuliwa, kila kipande kinaning'inia peke yake angani, na unaona jinsi vinavyokutana. Mjomba alisoma gari zima kwa macho. Pedali tatu chini: ya kushoto ni ya gia, ukiikanyaga unapata nzito, ukiiachia unapata nyepesi, ya katikati ni rivasi, ya kulia breki. Mafuta unaongeza kwa mkono, kwa kijiti kilicho chini ya usukani. Akauliza tenki liko wapi. Nikamwonyesha: chini ya kiti, na hakuna pampu, petroli inateremka yenyewe hadi kwenye kabureta.

"Basi mlima mkali, petroli ikiwa kidogo, linazima," akasema.

"Ndiyo maana walikuwa wanapanda kwa rivasi, mjomba."

Akatikisa kichwa, akarudi tena kwenye tenki.

Mimi nilichokuwa nakitazama ni bei. Model T ilipotoka 1908 iliuzwa dola 850. Mwaka 1913, kiwandani Highland Park, Ford akaanza kulisogeza gari mbele ya wafanyakazi badala ya wafanyakazi kulifuata gari, na muda wa kuliunganisha ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Januari 1914 akatangaza ujira wa dola tano kwa siku, habari iliyojaza magazeti bila yeye kulipia ukurasa hata mmoja. Kufikia 1925 aina ya bei ya chini ilikuwa dola 260. Bei ndiyo ilikuwa tangazo lake. Kwa miaka kadhaa aliacha kabisa kulipia matangazo ya kampuni, akawaachia wauzaji wa mitaani wajitangazie.

Hapo ndipo napenda kusimama muda mrefu, kwa sababu kosa lililofuata ni la muuzaji, si la fundi. Gari lilikuwa lile lile, na kuanzia 1914 kwa miaka zaidi ya kumi lilipakwa rangi nyeusi tu. Wateja wengi hawakuwa na fedha taslimu, na mwaka 1923 Ford akawaletea mpango wake: mteja anaweka dola tano kila wiki, na bei ikitimia ndipo anakabidhiwa gari. Ni kibubu. Wapinzani wake, General Motors, walikuwa na kampuni yao ya mikopo tangu 1919: unatoa malipo ya awali, unaondoka na gari leo, rejesho linafuata kila mwezi. Nimeuza magari, mteja aliyekaa nyuma ya usukani na kushika funguo hataki kusikia habari za kusubiri mwaka. Mpango wa Ford haukwenda mbali.

Alfred Sloan, aliyeshika uongozi wa General Motors 1923, alijenga ngazi. Chini kabisa Chevrolet, juu yake Oakland na baadaye Pontiac, kisha Oldsmobile, Buick, na kileleni Cadillac. Mtu akipandishwa cheo kazini, majirani walipaswa kuliona hilo kwenye gari lililoegeshwa nje. Mwaka 1924 Oakland zilitoka na rangi mpya ya Duco iliyokauka haraka, buluu, wakati Ford bado yuko kwenye nyeusi. Kisha ikaja desturi ya kubadili sura ya gari kila mwaka, ili lile la mwaka jana lianze kuonekana limezeeka hata kama injini inanguruma vizuri. Mei 1927 Ford alisalimu amri. Model T ya milioni 15 ilitoka, na imo humu, kisha uzalishaji ukasimama kwa miezi. Model A, mrithi wake, ilipozinduliwa Desemba, Ford alinunua kurasa nzima za magazeti nchi nzima siku tano mfululizo. Mtu aliyedhani gari zuri halihitaji kubembeleza mteja alikuwa amejifunza kubembeleza.

Mwaka huo huo wa 1927 General Motors walimwajiri Harley Earl kutoka Los Angeles, aliyezoea kuwatengenezea waigizaji wa sinema magari ya kipekee. Alichora gari kama fundi cherehani anavyokata nguo, akafinyanga bodi kwa udongo kabla ya kugusa bati. Vita Kuu ya Pili ilipokaribia Marekani, Earl na vijana wake waliiona ndege ya kivita P-38 yenye mikia miwili, na vita vilipokwisha Cadillac ya 1948 ikatoka na mapezi madogo juu ya taa za nyuma. Miaka kumi na moja baadaye yakawa haya ya Eldorado ya 1959: marefu, makali, kila moja na taa mbili nyekundu zenye umbo la risasi. Sababu ya kurefuka hivyo ni ushindani. Chrysler walikuwa wametoa magari ya 1957 ya chini na yenye mapezi makubwa, na Plymouth, chapa yao ya bei nafuu, wakajitangaza kwamba ghafla mwaka 1960 umeshafika. General Motors wasingekubali kuonekana wa jana.

Mjomba alipapasa kwa macho krome yote ile, akasema pezi halisaidii gari kwenda. Mimi nikamwambia lilisaidia gari kuondoka yadi. Tulibishana hapo vizuri sana, na watu wawili wa makamo waliokuwa karibu wakaja kuuliza tunazungumza lugha gani.

Edsel ya 1958 ni gari ambalo ningewapeleka wauza magari wote wa Dar waje walitazame. Ford walilipa jina la mtoto wa Henry, aliyefariki 1943. Kwa miezi mingi matangazo yalisifu gari bila kulionyesha, wauzaji wakaagizwa walifiche, na Septemba 4, 1957 likafunuliwa. Watu walijaa kwenye maduka, wakatazama, wakarudi nyumbani. Uchumi wa Marekani ulikuwa unaanza kuyumba, bei za Edsel zilikanyagana na za Mercury, gari la Ford hao hao, na ile grili ya wima mbele ikawa mzaha wa mitaani. Vibonye vya gia viliwekwa katikati ya usukani, mahali ambapo mkono wa dereva hutafuta honi. Mjomba aliviona akaguna: "Huyu aliyebuni hakumuuliza dereva." Modeli zilitoka kwa miaka mitatu tu, 1958 hadi 1960, na hasara ilitajwa kuwa mamia ya mamilioni ya dola. Ninayaheshimu makumbusho haya kwa kuliweka gari hilo hadharani, ndani ya nyumba yenye jina la Ford.

Na Mustang. Hii ndiyo sababu narudi. Waliokuwa wameumia kwa Edsel, miaka michache tu baadaye, walifanya kila kitu kwa mpangilio mwingine. Lee Iacocca, mmoja wa wakuu wa Ford, na timu yake walitazama nani anakuja: vijana waliozaliwa baada ya vita, wanaokaribia umri wa leseni, na wanawake wanaonunua gari lao wenyewe. Chini ya ile bonneti ndefu waliweka vyuma vingi vya Falcon, gari dogo la kawaida ambalo tayari lilikuwa sokoni, ndiyo maana bei ya kuanzia iliweza kuwa dola 2,368. Halafu wakaandaa orodha ndefu ya vya kuongezea: injini kubwa, gia za mkono, redio, viti, rangi. Karani wa benki na kijana wa mbio wanatoka na gari moja lenye sura moja, kila mmoja amelipia kadiri ya mfuko wake. Usiku wa Aprili 16, 1964 walinunua muda kwa wakati mmoja kwenye mitandao yote mitatu mikubwa ya televisheni. Kesho yake gari likazinduliwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, na siku hiyo moja oda zikafika 22,000. Ndani ya mwaka mmoja zilikuwa zimeuzwa zaidi ya 400,000.

Iliyopo hapa ni nambari moja yenyewe, nyeupe, ya wazi juu. Ilipelekwa St. John's, Newfoundland, kama gari la kuonyesha tu, lakini rubani wa ndege aitwaye Stanley Tucker aliiona dukani akaitaka, na wakamuuzia. Ford walipotambua, aliendelea kuiendesha karibu miaka miwili. Mwishowe alikubali kuwarudishia, nao wakampa Mustang mpya, mojawapo ya zile zilizotoka uzalishaji ulipofikia milioni moja. Muuzaji yule wa Newfoundland simlaumu hata kidogo. Mteja amesimama mbele yako na hela mkononi.

Msiyapite haraka yaliyo pembeni: kituo cha mafuta cha Texaco, alama ya McDonald's ya 1960, chumba cha hoteli ya Holiday Inn, na Lamy's Diner, kibanda cha chakula cha 1946 kilicholetwa kutoka Massachusetts. Humo bado wanauza chakula, mnaweza kukaa mpumzishe miguu. Vyote hivi ni matunda ya ile ahadi kwamba ukiwa na gari barabara yote ni yako. Ahadi hiyo haikuwa ya wote. Tangu 1936 Victor Green, tarishi wa posta aliyeishi New York, alichapisha kitabu cha kuwaelekeza Wamarekani weusi wapi watalala na kula bila kufukuzwa, na vituo vya mafuta vya Esso vilikuwa miongoni mwa wachache waliokisambaza. Kwa hiyo mkitoka kwenye magari vukeni upande wa pili, mkapande basi la Montgomery alilokuwamo Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha mzungu kiti, mwaka 1955. Mnaruhusiwa kukaa ndani. Ni basi lililotengenezwa na General Motors.

Kuhusu malipo: tiketi ya makumbusho, ya Greenfield Village, kijiji cha majengo ya kale kilicho hapo hapo nje, na ya ziara ya kiwanda cha Ford cha Rouge huuzwa kila moja kivyake, na maegesho yanalipiwa. Village hufungwa majira ya baridi, hivyo mgeni wa Januari hataipata. Mkija kiangazi, lipieni kuzungushwa ndani ya Model T halisi. Mjomba alikaa mbele kando ya dereva, akafuata kila kanyagio, na tuliposhuka alimweleza dereva kwa Kiswahili na mikono jinsi ambavyo angeisikiliza ile injini. Yule mzee akamfungulia bonneti.

Anayetaka kujua zaidi habari za General Motors aende Sloan Museum mjini Flint, na mpenzi wa Cadillac afike makumbusho ya magari ya Gilmore, Hickory Corners. Lakini aanze Dearborn, na aanze kwa kufuata miaka, kutoka kigari cha 1896 hadi Mustang, kwa sababu Edsel haieleweki kwa mtu ambaye hajapita kwenye Model T.