Tripodi ya kununua kwanza kwa picha za alfajiri Nairobi

Wengi wanaoanza kupiga mandhari alfajiri huulizia kamera kwanza, kisha filta (kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi), na tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu, hununuliwa mwisho kwa chenji iliyobaki. Mpango huo naupinga kwa moyo wote. Kamera yoyote inayokuruhusu kupanga mwenyewe muda wa shata (pazia la ndani linalofunguka kuingiza mwanga) inatosha. Kinachoamua kama ukungu utatoka laini na majengo yatabaki makali ni kile kilichoishika kamera kwa zile sekunde 20 shata ikiwa wazi.

Isitoshe, sisi tuko karibu na ikweta. Mwaka mzima jua la Nairobi huchomoza kati ya saa 12:10 na 12:45 asubuhi, na hupanda moja kwa moja. Tangu uweze kuona njia vizuri hadi jua litokeze ni dakika 20 hivi, basi. Mwenzako aliye London mwezi Juni hupata kama mara mbili ya muda huo. Kwa hiyo tripodi ya huku nadai vitu viwili kwayo: itulie, na isikucheleweshe gizani. Kwa vipimo hivyo, hivi ndivyo ninavyozipanga.

1. Aluminiamu ya uzito wa kati

Hii ndiyo ningemshauri karibu kila mtu. Tafuta yenye kilo 1.8 hadi 2.5, kichwa cha tufe (kinachogeuka kila upande kama mpira) kinachokazwa kwa kitasa kimoja, na miguu ya vipande vitatu au vinne. Benro, Manfrotto na K&F Concept wote wana za aina hii. Kila kiungo cha mguu ni mahali pa kulegea, kwa hiyo vipande vitatu hushinda vinne, na vitano ni vya msafiri anayebanwa na nafasi kwenye begi.

Angalia sana vifungio vya miguu. Kuna vya klipu na vya pete ya kuzungusha. Pete ni nyembamba na hazinasi kwenye majani, lakini mimi nachagua klipu: asubuhi ya Julai vidole vimekufa ganzi, na klipu ukiipapasa tu unajua imefungwa au la. Matope na vumbi navyo huwa rahisi kuvifuta kwenye klipu.

Urefu upime bila kuinua nguzo ya kati. Kamera ikufike angalau kidevuni kwa miguu peke yake, kwa sababu nguzo ikishapanda, tripodi nzima imegeuka kuwa mguu mmoja uliosimama juu ya mitatu, na upepo utaiyumbisha. Chini ya nguzo kuwe na ndoano ya kutundika begi. Ukilitundika, liache liguse ardhi kidogo. Begi linaloning'inia hewani hubembea, na mtikisiko huo unapanda mpaka kwenye lenzi. Uzito ambao tripodi inaweza kubeba, ulioandikwa kwenye boksi, nao uwe mara mbili au tatu ya kamera yako pamoja na lenzi.

2. Aluminiamu nzito ya mtumba

Kama una gari, hii inaweza kukupa utulivu mwingi kwa pesa kidogo kuliko zote. Pale vilima vya Ngong mitambo ya umeme wa upepo haikuwekwa bure, na kilo 4 zinazokuudhi mkononi zitakufaa ukifika kileleni. Kagua nyuzi za skrubu, kaza kila kifungio, kisha egemea juu yake. Mguu ukiteleza, achana nayo. Hakikisha pia kibao cha kufungia kamera kipo, maana vya modeli za zamani ni taabu kuvipata. Kwa anayepanda matatu kisha anatembea, sahau.

3. Kaboni

Najua wapo watakaoniuliza kwa nini kaboni iko hapa. Ni nyepesi, haiganzishi mikono, na mtikisiko hufa upesi zaidi. Lakini mara nyingi bei yake ni maradufu ya aluminiamu ya kiwango kilekile, au hata zaidi, na tofauti hiyo inakununulia kebo ya shata (ya kupigia picha bila kugusa kamera) na filta. Tena ikigongwa vibaya kwenye jiwe inaweza kupasuka, ilhali aluminiamu hubonyea tu. Ukiwa mtu wa kuvuka Ngong kilele hadi kilele, au kupanda Mlima Longonot kila mara, ipandishe iwe ya kwanza.

4. Mfuko wa maharagwe

Si tripodi, lakini ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi huishinda. Humo huruhusiwi kushuka garini isipokuwa sehemu zilizotengwa, na miguu mitatu haikai vizuri kwenye kiti. Mpe fundi cherehani kitambaa cha jinzi au turubai, ajaze maharagwe au mchele, uweke dirishani. Injini izimwe na abiria watulie. Hivyo utapata maghorofa ya mjini yakielea juu ya ukungu wa mbugani.

5. Nyepesi ya plastiki

Ile ya chini ya kilo moja, yenye mkono mrefu wa kuzungushia kichwa, ni ya simu. Ukiiwekea kamera yenye lenzi ya kubadilisha, kichwa hushuka taratibu shata ikiwa wazi, na picha nzima inachuruzika.

Popote utakaponunua, iwe Moi Avenue au kwa mtu anayeuza yake, nenda na kamera yako. Funga lenzi nzito kuliko zote ulizo nazo, igeuze kamera isimame wima, kaza, kisha kuza picha kwenye skrini mara 10. Gonga mguu kwa kidole. Picha ikitulia ndani ya sekunde moja au mbili, toa pesa. Muuzaji asiyekuruhusu kufungua miguu yote, muage.

Ukishaipata, zima kiimarishi cha lenzi (kile kinachopunguza mtikisiko wa mikono) na tumia kipima muda cha sekunde 2 hadi utakapopata kebo. Filta ije mwisho. Kabla ya jua kutoka, na chini ya miti ya msitu wa Karura, giza lenyewe linakupa sekunde nyingi bila kioo chochote. Utaihitaji kuanzia jua linapotokeza, na hapo chukua ya stopu 6 kwanza (kila stopu huzidisha muda mara mbili): robo sekunde inakuwa sekunde 16. Ya stopu 10 ingeifanya zaidi ya dakika 4, na kwa asubuhi fupi kama zetu dakika 4 ni nyingi mno kwa picha moja.