Hewa ya Kisumu: setilaiti au kipimo cha ukutani?
Kwa gharama, setilaiti ya Sentinel-5P, inayopima uchafu wa hewa kutoka angani tangu irushwe 2017, haina mpinzani: data yake ni ya bure na huna cha kutunza. Ila hupima hasa gesi, si kiasi cha vumbi unalovuta, na hupima mchana tu, mapema alasiri. Doa moja la picha yake hufunika kama kilomita 5.5 kwa 3.5, kwa hiyo moshi wa jioni wa wakaanga samaki mtaani Obunga haiuoni kamwe. Mawingu nayo huiziba macho.

Kipimo cha ukutani, kile cha vumbi, husoma dakika kwa dakika. Kinataka umeme, kinataka kutolewa buibui, na unyevu wa alfajiri hukifanya kisome juu mno. Kama wewe ni mwalimu mtaani Kondele na wataka kujua vumbi la shuleni, nunua hicho. Unayefuatilia nitrojeni dioksaidi, gesi ya moshi wa magari, Nakuru hadi Busia, setilaiti inakutosha.